Mdomo wa Aleixo

Adelina, tia komeo mlangoni uje ukae huku kichwani pangu, na wewe Norberto kaa hapo hapo kizingitini, mgongo wako uuegemeze mlango, asitoke mtu wala asiingie mtu mpaka nimalize ninalotaka kulisema. Panga liweke chini. Sikukwambia ulitupe, nimekwambia uliweke chini. Tangu alfajiri nakusikia ukilinoa, na mwanamume anayenoa panga tangu alfajiri hana haja na kuni.

Najua ni nani aliyeketi nje ya ukuta wa mawe. Baba yenu mdogo Aleixo amerudi kutoka Atambua, ng'ambo ya mpaka, upande wa Indonesia, miaka miwili na miezi minane hatujamwona machoni, na amekaa nje na kikapu chake cha tambuu kwa sababu hajakaribishwa, na hawezi kuingia nyumba ya kaka yake kama mbwa anayenusa jungu. Najua pia kwamba kesho bendera mpya inapandishwa uwanjani, kwamba watu wamekusanyika kujenga jukwaa, na kwamba habari za Aleixo zimewafikia wote, na wenye wafu wao wamekwisha kuacha nyundo wanakuja huku. Nawasikia. Kwa hiyo, wanangu wawili mliobakia, nisikilizeni upesi, maana kifua hiki hakina tena pumzi ya kurudia maneno, na huyo aliye nje hana saa nyingi.

Nitaanza mbali, mnivumilie, jambo hili halina mlango wa karibu. Mnajua tulivyosimuliwa na wahenga wetu: hapo mwanzo walikuwapo ndugu wawili, mkubwa akabaki kuulinda mlima akapewa ukimya, mdogo akapewa mdomo, akavuka bahari akapotea. Basi Wareno walipotia nanga pwani wakitafuta msandali, babu zetu hawakusema kwamba wageni wamekuja. Walisema mdogo wetu amerudi nyumbani. Hilo ndilo kosa letu sisi watu wa mlima, na sijasikia watu wengine duniani waliolifanya namna yetu. Wenye akili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa kigoda cha mdogo mtu, tukampa na mdomo atusemee mbele ya ulimwengu, naye akatupa kitambaa cha rangi, bendera yake, na fimbo yenye kichwa cha fedha. Tukaviingiza nyumba ya wahenga, tukavichinjia mbuzi, vikawa mwiko, mtoto havigusi, mwanamke mjamzito havipiti mbele.

Mdogo mtu akala msandali ukaisha. Akaleta kodi ya kichwa, akaleta kahawa ya kulazimishwa, akawatoa watu mashambani wakabebe mawe ya barabara, na babu yangu alirudi kutoka barabara ya Maubisse na bega moja limelala. Zilipoinuka nyumba zilizosema imetosha, vikapiganwa vile vita vya Manufahi dhidi ya Wareno, nyumba yetu ilikuwa upande gani? Hatulisemi hili mbele za watu, nami nalisema leo: tulikuwa upande wa kitambaa. Tuliwaua majirani zetu kwa ajili ya mdogo wetu wa kutoka baharini. Wakaja Wajapani, wakala nyati wetu mpaka ndama, na baba yangu akakifutika kile kitambaa ndani ya mwanzi, akapigwa siku mbili ili aseme kiko wapi, hakusema, akafa na sikio bovu na sifa kubwa. Mimi nililelewa kwenye sifa hiyo. Niliambiwa mlinzi wa nyumba hafi kwa ajili ya mkewe wala shamba lake, hufa kwa ajili ya vitu vilivyomo darini.

Kisha Wareno wakaondoka. Mwaka ule wa sabini na tano waliingia melini bila kuaga, na hapo ndipo nilipoanza kuwa na shaka, kwa sababu mdogo wa mtu haondoki hivyo. Tukajitangazia taifa letu, tukawa nalo siku tisa. Siku tisa, wanangu, hata mtoto mchanga hajaanguka kitovu. Siku ya kumi wakashuka wanajeshi wa Indonesia, nasi tukapanda mlimani miaka mitatu, tukala mizizi, tukazika wazee na watoto kandokando ya njia, na tuliposhuka kujisalimisha tulikuwa nusu ya watu tuliopanda. Kaka yenu Jacinto hakushuka. Alikuwa na miaka kumi na tisa, akabaki na wapiganaji, na mama yenu Rosária alimfungia mahindi ya kuchoma kwenye shuka yake ya harusi.

Adelina, usilie sasa. Tazama kwenye ufa wa ukuta uniambie, bado amekaa? Wangapi wamefika? Yule mwenye kitambaa cheusi ni mama Ermelinda, siyo? Haya. Norberto, kaa chini.

Sasa nafika. Wewe Norberto ulikuwa na miaka minane, unakumbuka uwanja ule, unakumbuka luteni aliyevaa miwani, na unakumbuka sauti ya baba yako mdogo ikisema jina la pango la Leolau. Wote waliliona, wote walilisikia, na tangu siku ile hakuna mtoto wa hapa asiyejua kwamba Aleixo aliwauza vijana saba. Siri ya mtungi aijuaye kata. Nyinyi mliuona mtungi kwa nje tu.

Mila yetu mnaijua: mwenye nyumba ya wahenga hasemi na mgeni. Mimi ni mkubwa, ukimya ni wangu. Mgeni akija, mdogo wangu hunisemea. Baba alifanya hivyo na ami yangu, na ndivyo nilivyofanya na Aleixo tangu enzi za Wareno; nilikuwa nanong'ona, naye anatoa sauti. Alikijua Kireno, akajifunza Kiindonesia kwa miezi sita, na wale askari wakamfanya mkalimani wao kwa lazima, si kwa kupenda. Siku ile luteni alitusimamisha mbele ya nyumba ya wahenga, askari wawili wameshika mienge, akasema kwamba wapiganaji wana pango la chakula, na kwamba mwenye nyumba alitaje pango hilo au aitazame nyumba yake ikiungua pamoja na kitambaa cha Wareno na kila kilichomo.

Aleixo akanigeukia, akasema kwa lugha yetu, uso wake umetulia kama anayetafsiri tu, "Kaka, anataka pango. Mdanganye. Taja lolote la mbali."

Nikamwambia, "Mwambie Leolau."

Akasema, "Leolau? Kaka, una uhakika? Hakuna mtu?"

Nikamwambia, "Majani nimeyafunga mimi mwenyewe juzi. Nani wa kwetu atapita chini ya majani? Sema, mdogo wangu, moto unakaribia."

Mmenisikia? Ilikuwa wiki ya mahindi mapya. Katika wiki hiyo roho ya mahindi inapumzika Leolau, mlinzi wa nyumba huufunga mlango wa pango kwa majani ya mnazi mchanga, na kwa siku saba hakuna mtu wa damu yetu anayevuka majani yale, hata mwizi, hata anayekimbia mvua. Ndiyo maana nilichagua pango hilo. Katika mapango yote ya mlima huu, hilo peke yake nilikuwa na hakika kwamba ni tupu. Nilijiona mjanja sana, wanangu. Nilisema moyoni, askari watapanda, watakuta popo, watarudi na miguu yenye malengelenge, nyumba itabaki, kitambaa kitabaki, nami nitasifiwa kama baba.

Nao walikuwamo.

Niacheni... maji. Hapana, kidogo tu, midomo ilowe. Niliambiwa baadaye na mwanamke aliyekuwa akiwapelekea mihogo mpaka nje ya majani, sasa ni marehemu. Walikuwa na homa, wametembea siku arobaini, na kaka yenu Jacinto ndiye aliyeyainua majani kwa mkono wake akawaambia wenzake, "Ingieni. Haya ni mafundo ya baba yangu, nayajua. Mtu wa kijijini hawezi kufika hapa, na askari hawapajui. Baba atanisamehe." Mimi niliyategemea majani kwamba hawatakuwamo, na yeye aliyategemea majani kwamba hawatatafutwa. Wakashushwa saba wakalazwa uwanjani, na wa tatu kutoka kushoto alikuwa mwanangu wa kwanza, na shuka ya mama yenu kiunoni.

Norberto! Usinitazame hivyo. Nitazame, lakini usinitazame hivyo. Bado sijamaliza, na lililobaki ni baya zaidi.

La pango naweza kuliita kosa, na Mungu anajua nililitenda kwa ujinga, na majuto ni mjukuu. Lakini siku ya pili yake Aleixo alinifuata nyuma ya zizi la nguruwe. Watu walikuwa wamekwisha kumtemea mate kisimani. Nilidhani amekuja kunitaka nitoke niseme ukweli, na nilikuwa nimeandaa udhuru. Badala yake akaniambia, "Kaka, wakikuchukia wewe, nyumba imekwisha, hakuna atakayeleta tena mahindi yake hapa, na watu hawa hawana kitu kingine kilichobaki. Wakinichukia mimi, umechafuka mdomo tu. Nyamaza. Kazi yako ni kunyamaza."

Nikanyamaza. Sikumkatalia hata mara moja kwa ajili ya heshima. Nilisema, "Ahsante, mdogo wangu," nikarudi ndani nikakaa na wafiwa, nikapokea pole zao. Miaka ishirini na mitatu nimekaa nazo. Nilimtazama mke wake Filomena akichota maji mchana wa jua kali ili asikutane na wanawake wenziwe. Binti yake akaposwa mara mbili, na mara mbili wakwe wakaondoa posa walipojua ni mtoto wa nani, nami nilikuwa mzee niliyeitwa kuwakaribisha wakwe hao, nikawaonea huruma kwa sauti. Na mama yenu... mama yenu Rosária alipokuwa anakufa, Aleixo alikuja na tambuu kumuaga shemeji yake, naye akageuzia uso ukutani, akamlaani, yeye na kizazi chake. Mimi nilikuwa nimemshika mkono. Ningesema neno moja. Alikufa akimlaani mtu asiye na kosa, na mkono wake ulikuwa katika mkono wa mwenye kosa. Hilo linanitesa kuliko Jacinto.

Nini hicho? Jiwe? Adelina, tazama. Limempata? Begani. Hajainuka? Hajainuka. Mtu yule ni mkaidi tangu utoto.

Siku za kura ya kuachana na Indonesia mnazikumbuka wenyewe, sina haja ya kuzisimulia. Watu walipiga kura wakiwa wamevaa nguo za kanisani, wanamgambo wa upande wa Indonesia wakaja na petroli, na nyumba ya wahenga iliyonunuliwa kwa vijana saba ikaungua kwa muda wa kuchemsha chai. Kitambaa kikaungua. Niliitoa fimbo tu, na mikono yangu hii ndiyo alama yake. Siku hiyo hiyo wewe Norberto uliongoza vijana kwenda kumtafuta baba yako mdogo, mkasema ndiye aliyewaleta, naye wakati huo alikuwa akinimwagia maji mikononi. Alitoka kwa mlango wa nyuma mliposogea. Niliwaambia sijamwona. Ndipo alipovuka mpaka, na mkasema, mnaona, mwenye hatia amekimbia. Nikatikisa kichwa pamoja nanyi.

Basi, Norberto, mwanangu, umekaa ukilinoa panga ili kulipiza damu ya kaka yako. Kama damu hiyo lazima ilipwe, mwenyewe yuko hapa kitandani, hana hata nguvu ya kuinua mkono kujikinga. Ukimpiga yule wa nje umemuua ndugu wa pili kwa ulimi wangu, na nchi hii inayozaliwa kesho itakuwa imeanza kwa uongo wa nyumba yetu. Lia. Lia baba'ngu, hakuna anayekucheka. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nimejikwaa vyote viwili nikakuachia wewe kidonda.

Sasa wosia wenyewe, nao ni mfupi. Shamba la kahawa la juu ni la Adelina, amelipalilia yeye, na asije mume wake akasema lilikuwa lake. La chini, lenye chemchemi, ni la Filomena mke wa Aleixo na binti yake, msilipimie upya mipaka. Nyati wanne waliobaki wachinjwe siku ya maziko yangu, na wote wapewe wenye wafu sita, nyumba yetu isile hata mkia. Fimbo ya Wareno pelekeni kwa mama Ermelinda aliyepoteza wawili mle pangoni. Akitaka kuivunja kuni na aivunje, akitaka kuiweka na aiweke, nanyi msimnung'unikie. Nyumba ya wahenga ijengeni tena, lakini darini msiweke kitu chochote cha mgeni, wala cha hawa wapya wanaokuja na magari meupe na tabasamu, hata wakiwa wema, na wengine ni wema. Mgeni ni mgeni. Mpeni maji, mpeni mkeka, msimwite mdogo wenu.

Na mila ile ya ukimya, Norberto, naivunja mimi wa mwisho. Wewe sasa ndiye mkubwa wa nyumba. Ninakuvua ukimya. Neno lako utalisema kwa mdomo wako mwenyewe, liwe tamu liwe chungu, mbele ya mgeni na mbele ya mwenyeji, na usimtwike mwenzio.

Kaka yenu msimwite mvunja mwiko. Alikuwa na homa. Mwiko uliovunjwa na mtoto mgonjwa... si kitu. Niliouvunja mimi, wa kumtwika ndugu hatia yangu, ndio kitu.

Inueni kichwa changu. Hivyo. Nilijaribu asubuhi kusimama nikatoke mwenyewe, Adelina ni shahidi, miguu imekataa, na sauti hii haivuki hata ukuta. Kwa hiyo lazima nikutume, na naona haya kukutuma, maana ni yaleyale, mimi nanong'ona na mwingine anasema. Lakini safari hii... safari hii sema ni nani aliyenong'ona. Toka usimame mbele ya mama Ermelinda, usimame kati yake na baba yako mdogo. Sema, pango la Leolau alilitaja baba yangu. Usiseme alilazimishwa. Usiseme hakujua. Hayo nitamwambia Jacinto, nikifika. Kisha mshike mkono baba yako mdogo, mwite karibu, mvushe ukuta, na watu wakikutemea mate, usijifute mpaka ameingia.

Mlima uwalinde, wanangu. Mvua iwafikie kwa wakati wake. Adelina, tumbo lako lishike, uzae salama, na huyo mtoto... mwiteni jina mlipendalo, si langu. Norberto, mikono yako iwe na kazi nyingi. Uzee ukukute nyumbani. Asiye na hatia asikukimbie... tena.

Giza? Hapana, ni mchana, najua. Acheni tu.

Toa komeo. Mbona umesimama? Wanasogea, nawasikia wanasogea. Nenda, baba'ngu. Na mlango uache wazi. Sema kwa nguvu... kwa nguvu, nami nikusikie.